Kufuli Lililopakwa Mafuta kule Bofu

Kwanza mjue siandiki kwa kupenda. Mjukuu wangu Saumu, ambaye naye siku hizi ni dalali, dalali wa kwenye simu, alikuja kwangu Magogoni wiki iliyopita akanionyesha picha ya nyumba.

"Bibi, hii imeachwa. Majani yamefika dirishani. Nimeshaitia kwenye kundi, watu wanauliza bei."

Nikamuuliza mwenyewe nani.

"Si ndiyo nasema, imeachwa."

Nikamwambia afute ile picha kabla sijamfuta yeye. Akanuna, kisha akasema basi niandike, wasome yeye na wenzake. Haya, nimeandika. Mimi nilisoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani na madarasa matatu ya skuli, kwa hivyo mkikuta kosa lirekebisheni wenyewe, msiniletee.

Nyumba haiachwi. Nimefanya udalali zaidi ya miaka thelathini, Kisauni, Changamwe na Likoni, na sijapata kuona nyumba iliyoachwa hata moja. Nimeona nyumba ambayo mwenyewe yuko Maskati. Nimeona nyumba ambayo ndugu sita hawasemezani, kila mmoja ameapa haingii mpaka wengine wafe. Nimeona nyumba ambayo mwenyewe yuko jela na mkewe awaambia watu yuko Dubai. Hizo zote zilikuwa na majani mpaka dirishani.

Aliyenifunza kazi ni Mzee Sudi, mtu wa kuswali mara tano na kutukana mara sita. Wanaume wenzake walimcheka kwa kumfunza mwanamke. Akawaambia mwanamke anaingia mpaka jikoni kwa watu, nyinyi mwaishia barazani, sasa nani dalali hapo? Alinipeleka mbele ya nyumba tupu moja, akanizuia nisitazame bati wala ukuta. "Tazama kufuli." Kufuli lenye kutu, mwenyewe yuko mbali. Kufuli jipya linalong'aa, dalali mwenzako ameshafika na ameshaanza uongo. Kufuli la zamani lililopakwa mafuta, hapo kuna mtu anaipenda nyumba hiyo na haji mchana.

Jambo la pili, msibandike karatasi mlangoni. Mimi nilibandika mara moja, hapa hapa Magogoni, nikaandika anayeijua nyumba hii apige simu. Kufikia magharibi nilikuwa na wenye nyumba wanne. Wawili walitaja jina moja la marehemu baba yao, na hawakuwa wakijuana. Wa tatu alikuwa mpangaji aliyefukuzwa. Wa nne aliniuliza kwanza nyumba yenyewe iko wapi.

Na nyumba iliyoandikwa ukutani kwa rangi nyekundu kwamba haiuzwi, msiiogope. Hiyo angalau ina mwenyewe anayejua kuandika.

Sasa niwaambie ya Bofu, maana Saumu ameisikia nusu nusu na nusu aliyoisikia si ya kweli.

Si miaka mingi. Alikuja kwangu mwanamke wa Kikamba anaitwa Nduku, mjane, mshonaji katika kiwanda kimoja cha nguo kule Changamwe. Vyumba alivyopanga vilikuwa vinabomolewa kujengwa ghorofa, na mwenyewe amewapa wapangaji mpaka shule zifunge. Nikamtilia chai. Chupa yangu ya chai ni ile nyekundu yenye maua, aliyoniletea marehemu mume wangu Mwero kutoka bandarini, alikokuwa akifanya kazi. Kifuniko chake kilipotea zamani, naiziba kwa kitambaa. Nduku alikitazama kile kitambaa, akanywa.

"Mama, mimi nimeshaibiwa mara moja," akasema. "Mtu alinionyesha nyumba Miritini. Nzuri. Tukaingia mpaka chumbani. Kumbe mwenyewe ameenda matanga. Aliporudi alinikuta napima mapazia."

"Ukamlipa huyo mtu?"

"Nusu."

"Umebaki na nini?"

"Na nusu nyingine. Hii ikienda, narudi Kitui kwa mama mkwe. Na mama mkwe hanipendi, wala mimi simlazimishi."

Alikuwa ameiona nyumba Bofu, kule Likoni, alipokwenda kumzuru mwenzake wa kazini. Nyumba ya Kiswahili, vyumba vitatu na ukumbi, bati limeshika kutu, imefungwa. Kutoka huko angepata gari la barabara ya Dongo Kundu, afike kiwandani bila kupanda feri. Aliniambia hatatoa shilingi mpaka amwone mwenyewe kwa macho yake na kitambulisho mkononi. Nikampenda kwa hilo. Nikamwambia, "Nitakutafutia mwenyewe. Akiwa juu ya ardhi nitampata, akiwa chini nitapata warithi wake." Hilo neno nililisema mimi mwenyewe, kwa kinywa hiki.

Nikavuka feri asubuhi. Nikatazama kufuli. La zamani, limepakwa mafuta. Nikaligusa, nikakinusa kidole changu: mafuta ya nazi. Baraza imefagiwa, majani yameachwa ya uani tu. Nikajua kazi hii nyepesi.

Jirani alikuwa mama kijana anauza mahamri chini ya ukuta wa nyumba ile ile.

"Mwanangu, nyumba hii ya nani?"

"Nyumba gani?"

"Hii uliyoikalia kivuli chake."

"Aa. Hii." Akageuza mahamri ambayo hayakuwa yamefika kugeuzwa. "Hii ina jini, Bi Mishi."

Majini ya nyumba nimeonyeshwa mengi. Mara nyingi ni mtu anataka bei ishuke. Nikacheka, nikanunua mahamri mawili, nikaondoka. Sikutambua hata kidogo kwamba yule mama alinitaja jina, na mimi sikuwa nimemwambia. Hapo ndipo mtu hupimwa kama bado ana akili ya kazi, na siku ile sikuwa nayo.

Niliuliza muuza maji, akakumbuka ana mtungi wa kupeleka. Niliuliza mwanamke anayeosha maiti wa mtaa ule, mtu ambaye huniambia mpaka nani alilia kwa kweli na nani alilia kwa kuonekana. Akaniambia ana mafua. Nikasema, watu wa Likoni siku hizi wamekuwaje?

Nikaacha watu, nikatazama minazi. Uani kwa ile nyumba kulikuwa na minazi minne na mmoja mchanga, na ilikuwa safi, makuti makavu yote yameshushwa. Mnazi haujisafishi. Nikarudi mara tatu mpaka nikamkuta mkwezi yuko juu. Nikamngoja ashuke.

"Nazi hizi wapeleka kwa nani?"

"Kwa Mzee Chidzuga, pale nyuma ya msikiti. Mimi nachukua zangu, yeye zake."

Nikampigia Nduku simu hapo hapo. "Nimempata."

Nduku aliomba ruhusa kazini. Akaja amevaa nguo yake ya kanisani, na kitambaa cha kichwa kipya. Mzee Chidzuga alikuwa Mdigo wa heshima, kofia ya kushonwa kwa mkono, meno mawili. Akatukaribisha, tukaangushiwa madafu, tukanywa. Nikamuuliza kama ni yeye anayepelekewa nazi za nyumba ile. Akasema ndiye, tangu kwa babu yake. Nikamwambia huyu mwanangu anataka kununua. Akasema hapana ubaya. Wakapatana bei, na bei ilikuwa ndogo mpaka Nduku akanikanyaga mguu kwa furaha. Akatoa leso akapangusa macho.

"Basi," akasema Mzee Chidzuga, "minne mikubwa, na ule mchanga nakupa zawadi."

Nduku akanitazama. "Minne nini?"

"Minazi, mwanangu."

"Na nyumba?"

"Nyumba si yangu. Babu yangu alipanda minazi. Kiwanja ni cha watu wa mjini. Nyumba ni ya aliyejenga."

Wajukuu zangu, hili ndilo somo la kwanza kabisa la kazi yetu hapa pwani, na Mzee Sudi alinipigia kelele kwalo kabla hajanifunza hata kufuli. Kiwanja kinaweza kuwa cha mtu mmoja, nyumba iliyo juu yake ikawa ya mwingine anayelipia kiwanja kila mwaka, na minazi ikawa ya wa tatu aliyerithi kabla hao wawili hawajazaliwa. Wote watatu hawadanganyi wakisema ni pao. Mimi nililijua hilo kabla ya Saumu kuzaliwa, na bado nilimtoa mtu kazini aje kununua nazi.

"Mama," akasema Nduku tulipotoka, "nimevaa viatu hivi vya kuniumiza nije kuuziwa nazi?"

"Nyamaza."

"Mimi nanyamaza. Lakini na madafu nimekunywa, sasa natafuta choo."

Akaingia kwa wenyeji kutafuta choo, na mimi nikarudi kwa mzee. Nikamuuliza, basi nyumba ni ya nani, wewe si jirani? Akavua kofia, akaivaa tena.

"Bi Mishi, mimi ni mtu mzima. Kuna maneno sitaki yatoke kinywani mwangu. Nenda kwa wenye kiwanja."

Wenye kiwanja hukusanyiwa kodi yao na ofisi moja ya wakili mjini. Nikaenda. Karani alikuwa kijana mpole, amechonga ndevu zake vizuri. Nikamwambia namba ya nyumba iliyo juu ya mlango. Akaleta faili la bluu, akapuliza vumbi.

"Aliyejenga anaitwa Mwero Salim Mwero," akasema.

Nikasema, "Ajabu. Mume wangu alikuwa na jina hilo hilo."

Wallahi ndivyo nilivyosema. Na nilicheka. Mwero wako wengi. Karani akageuza ukurasa, na pale palikuwa na karatasi ya nakala ya kitambulisho. Nikavaa miwani. Nikaliona lile jicho la kushoto la kusinzia. Nikaliona na shati. Lile shati nililishona mimi, kola ilinikataa mara mbili, na katika ile picha bado imepinda.

"Bibi, nikuletee maji?"

"Leta."

Mwero alikuwa amekufa miaka mitano wakati huo. Alikuwa na shifti za usiku bandarini, Jumatano na Jumamosi, miaka na miaka. Nilikuwa nikimwonea huruma, namfungia chapati. Asubuhi akirudi hunukia udi. Nikimuuliza, husema meli imeshusha udi. Nami nikaamini! Mimi ambaye natazama kufuli nikajua mtu haji mchana, sikujiuliza ni meli gani hiyo iletayo udi kila Jumatano.

Ndipo nikakumbuka mama wa mahamri alivyonitaja jina, na muuza maji, na muosha maiti na mafua yake. Mtaa mzima wa Bofu ulijua. Mimi nimepita mlango kwa mlango, na buibui langu la heshima, nawauliza watu nyumba ya mke mwenzangu ni ya nani.

Karani akasoma mbele. Tangu marehemu afe, kodi ya kiwanja hailali hata mwaka mmoja. Hulipwa na mwanamke anaitwa Rukia, wa Miritini.

Nikiwa kwenye ngazi Nduku akapiga simu.

"Mama, umempata mwenyewe?"

"Nimempata. Amekufa."

"Pole. Ulikuwa unamjua?"

"Kidogo."

Siku tatu sikushika simu. Sitawadanganya: nilitaka ile nyumba ianguke. Mchwa waile, mvua ya masika iimalize, na Rukia na kufuli lake wabaki na mlango. Ningemwambia Nduku warithi wamekataa, na yeye angeamini, kwa sababu mimi ndiye dalali pekee ambaye hakuwa amemdanganya.

Siku ya nne akaja mwenyewe mpaka Magogoni, na mkoba wa nguo.

"Wameng'oa milango, Mama. Wa kwangu na wa jirani. Jana nimeegemeza kabati nikalala. Niambie tu kama haipo, nikate tikiti ya Kitui. Mimi silii tena."

Akakaa. Akaangalia chupa yangu ya chai, akainuka, akakifua kile kitambaa cha kuzibia, akakianika. Na mimi neno langu nilikuwa nimelisema, nimelisema kwa kinywa hiki: akiwa chini nitapata warithi wake. Warithi wenyewe mmoja alikuwa mimi. Nikavaa buibui.

Rukia alikuwa akipika kibandani karibu na malori yanapoegeshwa, kule Miritini. Nilitaka awe kijana, awe mrembo, nipate kumtukana kwa raha. Alikuwa mfupi, mnene, na ndala zilizotofautiana rangi. Hilo liliniudhi zaidi.

"Shikamoo, dada."

Sikuitikia. Dhambi hiyo ninayo. "Wewe ndiye Rukia?"

"Abee."

"Wanijua?"

"Bi Mishi wa Mwero. Nakujua miaka kumi na minne. Kaa, chai ipo."

Akaweka mezani chupa ya chai. Nyekundu, ya maua. Kifuniko chake kipo. Akamimina, nikaonja, ilikuwa vuguvugu.

"Chai imepoa," nikasema. Katika maneno yote niliyoyapanga garini, hayo ndiyo yaliyotoka.

"Kioo cha ndani kimepasuka. Haishiki moto."

"Yangu haina kifuniko."

"Alinunua mbili," akasema Rukia.

"Naona."

Dereva mmoja akaja kutaka ugali, akatutazama, akaenda kula kwingine.

Nikamuuliza Mwero alikuwa akisema nini juu yangu. Akafikiri. "Alisema u mkali."

"Basi hukudanganywa."

"Alisema pia hakuna mtu Mombasa anayejua nyumba kama wewe. Nami nikamwambia, basi hii ataijua. Kila mwaka nikangoja."

Aliniambia yote, na sikumkatiza ila mara nne. Waliozwa na shehe, kwa mashahidi. Hawakupata mtoto. Mwero alipokufa, alisikia kutoka kwa watu wa feri. Hakuja mazikoni. Alikaa eda mle ndani ya nyumba ya Bofu, miezi minne na siku kumi, peke yake, mlango umefungwa, na hakuna aliyekwenda kumpa mkono wa pole, kwa sababu pole zote zilikuwa zimeletwa kwangu. Mimi nilikuwa Magogoni nimekaa eda hiyo hiyo, nimezungukwa na shangazi wananilisha uji, nalalamika uji mzito.

Alipotoka eda alifunga nyumba akaja Miritini. Kila baada ya miezi michache alikwenda jioni kufagia baraza na kupaka kufuli mafuta.

"Kwa nini hukuuza?" nikamuuliza. "Watu wangapi wanauza nyumba zisizo zao, wewe ya mumeo umeishindwa?"

"Ina fungu lako, dada, na la watoto wako. Ningekula haramu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuogopa."

Nikanywa ile chai vuguvugu mpaka chini. Nikamwambia yuko mwanamke amelala nyuma ya kabati, na anataka ile nyumba, na ana pesa ya halali. Nikamwambia Jumatatu tunakwenda kwa kadhi, na avae ndala za rangi moja.

Yaliyobaki ni kazi, na kazi mwaijua au mtajifunza. Watoto wangu waliambiwa. Mwanangu mkubwa, babake Saumu, alicheka mpaka akakaa chini, kisha akakasirika, kisha akauliza Rukia anapika nini. Kadhi aligawa mafungu, kila mmoja lake, na wote wakakubali kumuuzia Nduku. Wenye kiwanja waliridhia jina libadilishwe, na hilo msilisahau kamwe: nyumba bila ridhaa ya mwenye kiwanja umenunua matofali. Mzee Chidzuga alibaki na minazi yake, akampa Nduku ruhusa ya kuokota nazi zinazoanguka zenyewe.

Siku ya funguo, Nduku alitutazama mimi na Rukia, kisha vitambulisho vyetu, kisha sisi tena. Alivisoma vyote viwili, neno kwa neno, mbele na nyuma. Nikamwambia vizuri, ndivyo.

"Mama," akaninong'oneza, "kwa hivyo wakati wote ule, mwenye nyumba alikuwa ni wewe?"

"Fungu."

"Na ulinipeleka kwa mzee wa nazi?"

"Nduku, fungua mlango."

Rukia akampa ufunguo na kichupa cha mafuta ya nazi. Jirani wa mahamri alikuwa amesimama barazani kwake, hana pa kutazama. Nikamwita kwa sauti, mtaa usikie: "Mwanangu, yule jini ndiye huyu, njoo umsalimie!" Akaja, akamshika Rukia mkono, akalia. Na yule muosha maiti naye akaja. Mafua yamepona.

Udalali niliuacha hapo. Si kwa hasira. Nilikuwa nimemtafuta mtu Likoni nzima na picha yake, na jicho lile la kusinzia, imetundikwa ukutani kwangu. Mtu wa hivyo apumzike.

Saumu, ile picha yako ya nyumba, rudi ukatazame kufuli. Uliza kiwanja cha nani, nyumba ya nani, miti ya nani, mara tatu, watu watatu. Na watu wakianza kugeuza mahamri mabichi unapouliza, kaa chini kwanza ujiulize wewe ni nani katika habari hiyo.

Kifuniko cha Rukia kimeingia kwenye chupa yangu kama kimezaliwa nayo. Yake iliyopasuka tuliitupa. Chupa iko kwangu. Ijumaa anakuja kutoka Miritini, tunakunywa chai ya moto, tunamsema Mwero mpaka adhana. Akiondoka, namkagua mkoba, kifuniko kisije kikarudi Miritini.